Suala Lililobebwa Kifuani

Jumatano, 2 Septemba

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano ya kina baina yangu na cherehani yangu, inatangazwa leo kwamba shati jeusi limekamilika. Vifungo vyake ni vyeusi. Mfuko halina. Mkalimani wa lugha ya alama huvaa nguo ya rangi moja iliyokolea ili mikono yake ionekane, na kuanzia Jumamosi mikono yangu itakuwa mali ya umma. Mume wangu amelitazama shati mbele na nyuma, akasema, "Hii si nguo ya msiba?" Nimemwambia asubiri hotuba kwanza.

Habari yenyewe ni hii. Mheshimiwa anatetea kiti chake, na kuna mtu kamshauri kwamba siku hizi jukwaa halipendezi bila mkalimani pembeni. Wenye vyeti wako mbali. Mimi cheti sina. Nina binti wa miaka minane asiyesikia, na alama nilizojifunza kwa maseremala viziwi wa karakana iliyo nyuma ya duka langu la kushonea, kwa kuulizauliza na kuchekwa.

Viziwi hawahangaiki na majina ya kwenye vitambulisho. Mtu hupewa alama kutokana na kitu chake kinachoonekana, basi, hilo ndilo jina lake hadi kaburini. Mkuu wa karakana ni Nyusi, kwa sababu nusu ya mazungumzo yake hufanyika juu ya macho. Mimi ni Sindano. Mheshimiwa walishambatiza zamani: Kidole, kwa kile kidole anachokiinua kila wakati kana kwamba anapima kama mvua imeanza.

Alhamisi, 3 Septemba

Mume wangu kaniuliza kwa nini nimekubali, ilhali hotuba hazinipandi hata redioni. Nimemjibu kwa kifupi, hapa najibu kwa kirefu.

Mwalimu wa darasa la viziwi alistaafu mwaka jana. Chumba chake kimekuwa stoo ya madawati mabovu. Watoto wametawanywa, kila mmoja kakalishwa nyuma ya darasa la wanaosikia. Binti yangu ananakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na haelewi kitu. Mkuu wa shule ametuambia wazazi waziwazi: muhula mpya ukifunguliwa Novemba bila mwalimu, darasa linafutwa. Likifutwa, binti anakwenda bweni, shule ya viziwi iliyo mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mume wangu hapendi, lakini ameshanunua sanduku la bati. Yeye ni fundi rangi, kwa hiyo amelipaka buluu. Liko ukumbini. Nalipita mara ishirini kwa siku.

Nikafikiri, nikisimama hatua mbili kutoka kwenye sikio la mkubwa, huenda nikapata nafasi ya kulinong'oneza.

Jumamosi, 5 Septemba

Mkutano wa kwanza. Nimerudi nimechoka kama niliyefua mashuka ya hospitali nzima.

Kidole haongei, anauliza. "Mnataka maji, hamtaki?" Tunataka! "Mnataka barabara, hamtaki?" Tunataka! Nikatafsiri yote. Nyusi, aliyekaa mstari wa mbele na watu wake, akainua nyusi na mikono pamoja: "Kwani hajui? Kakaa pale miaka mitano." Nikamwashiria atulie. Akajibu hajawahi kupiga kelele tangu azaliwe.

Karibu na mwisho Kidole akashusha sauti, akafumba macho kidogo, akaweka kiganja kifuani. "Na watoto wetu wasiosikia… suala lao nimelibeba hapa." Umati ukaguna kwa huruma. Nikatafsiri kama lilivyo: suala la watoto, amelibeba, kifuani. Mstari mzima wa mbele ukaingiwa na wasiwasi.

"Ana pumu?" Nyusi akauliza.

Jumapili, 6 Septemba

Mabega hayainuki.

Jumamosi, 12 Septemba

Mkutano wa pili, kiwanja kingine, hotuba ileile. Nimeanza kumjua.

Barabara iliyokamilika aliijenga "mimi". Barabara iliyokwama "sisi tumechelewa". Zahanati ambayo haipo "itashughulikiwa". Mtu anayesikia humeza hayo yote kwa mkupuo mmoja kwa sababu sauti ni tamu. Mikono haina utamu huo. Kusema "sisi" lazima nichore duara kwa kidole, na duara lazima limpitie mtu. Aliposema "sisi tutafunga mkanda", sikujua nipitishe kidole kwa wananchi tu au nifike na kwenye viti vyenye mito. Nilifika. Meneja wake wa kampeni, mwenye miwani machoni na miwani nyingine kichwani, alinitazama kwa zote mbili.

Kifua tena mwishoni. Viziwi wakatazamana. Nyusi akapiga mwayo wa makusudi, mrefu, wa kuonekana hadi jukwaani.

Jumanne, 15 Septemba

Nilimfuata Miwani, yule meneja wa kampeni, ofisini kwake kuulizia darasa.

"Dada mkalimani," akasema, "suala lenu liko kwenye mchakato."

"Huo mchakato uko wapi, nikauone?"

"Unaendelea."

"Unaendelea wapi?"

"Dada yangu. Jambo zuri halina pupa."

Nilipofika karakana nikajaribu kumfafanulia Nyusi neno mchakato. Nilizungusha mikono, nikazungusha tena. Akaniangalia kwa subira kubwa, kisha akauliza mkate huo unaiva lini.

Jumamosi, 19 Septemba

Niandike polepole, maana bado sijui nimefanya nini.

Mvua ilianza kabla Kidole hajapanda jukwaani. Wakubwa walikuwa chini ya turubai. Mkalimani husimama pembeni, mahali anapoonekana, na turubai halikufika pembeni. Shati lilinigandia mwilini. Viziwi walikuwa mstari wa mbele kama kawaida, wengine wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani. Walifunga karakana kuja, na mteja wao wa makabati alikuwa anawasubiri. Safari hii walikuja na watoto, na binti yangu alikaa kati yao, miguu haigusi chini, ananitazama kwa fahari kama vile mimi ndiye niliyekuwa nahutubia.

Saa nzima. Maji, hamtaki? Tunataka. Barabara, hamtaki? Tunataka, ingawa sauti zilikuwa zimepungua, maana watu walikuwa wanaanza kutaka zaidi kwenda nyumbani. Kidole alijua. Alikuwa anatapatapa: akipandisha sauti hakuna kitu, akishusha hakuna kitu. Akakimbilia kifuani.

"Na watoto wetu wasiosikia. Suala lao… nimelibeba… hapa!"

Nikainua mikono kuwaambia kwa mara ya tatu habari za kifua cha mtu. Nikaona macho ya binti yangu. Mikono ikagoma. Ilikaa hewani, inachuruzika maji, haina cha kusema, na safu nzima inaningoja. Halafu ikasema. Ikasema: Atafungua darasa. Mwalimu anayejua alama. Kabla ya muhula mpya.

Viziwi hawapigi makofi; hunyanyua mikono juu na kuitikisa. Mstari wa mbele wote ukasimama, mikono hewani, mifuko ya plastiki ikidondoka. Waliokuwa nyuma, wanaosikia, hawakujua kuna nini, lakini walipoona watu wamesimama na mikono imejaa hewani wakadhani wamepitwa na jambo. Wakasimama nao. Wakashangilia. Wapiga picha wakakimbilia mbele na mvua ile.

Kidole akaukodolea macho umati. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepapasa uvunguni akitafuta ndala akaibuka na kuku. Kisha akakusanya pumzi yote: "Narudia! Nimelibeba hapa!"

Akarudia. Na mimi, ningefanyaje? Nikarudia.

Aliposhuka alinishika mkono kwa mara ya kwanza. "Mkalimani, leo wamenielewa."

"Wamekuelewa sana, Mheshimiwa."

Jumapili, 20 Septemba

Binti amemwambia baba yake. Amewaambia majirani, ambao hawajui alama, kwa kuchora nyumba yenye madirisha mawili. Mume wangu kauliza, "Kweli kasema hivyo? Kwa mdomo wake?" Nimemwambia chakula kinapoa.

Jumamosi, 26 Septemba

Kifua kimehamishiwa mwisho kabisa wa hotuba, kikapewa na kimya kirefu kabla yake. Wameweka mpiga picha maalumu wa mikono. Nilidhamiria asubuhi kutafsiri kifua kama kifua. Nilipogeuka nikakuta viziwi wa kata nyingine wamekuja kwa lori, wamesikia (wao husema wameona) kwamba huyu bwana anafungua darasa. Nikawaambia anafungua darasa.

Mtu akitoa ahadi moja usiku halali. Huyu bwana katoa ahadi nyingi kiasi hiki na ana mashavu ya mtu aliyelala vizuri. Mwenye ahadi moja ni mimi.

Alhamisi, 1 Oktoba

Ugonjwa unaambukiza. Mume wangu kaulizia suruali yake ya kazini aliyoniletea nishone tangu wiki iliyopita.

"Suruali yako nimeipa kipaumbele," nikasema.

"Iko wapi?"

"Tumepiga hatua kubwa."

"Mama watoto, nimekuuliza suruali, naona unaomba kura."

Baadaye binti kaniuliza kwa mikono, akinyooshea lile sanduku, kama bado ataenda mbali. Nikamjibu mambo yanakwenda vizuri. Akakunja uso. "Mambo gani?" Nikasema mambo, mambo kwa ujumla. Akanishika mikono miwili akaituliza, kama anavyotulizwa mtoto anayechezea chakula.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mkutano. Kifua. Darasa. Malori mawili.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nyusi na wenzake wanne waliamua kwenda kuuliza ujenzi umefika wapi. Na wakienda kwa wakubwa, nani anawatafsiria? Mimi. Yaani nimesimama leo mbele ya meza ya Miwani, kwa kinywa changu mwenyewe, kudai ahadi niliyoitoa mimi mwenyewe kwa mikono.

"Wanauliza darasa limefika wapi," nikasema, nikiangalia kalenda ukutani.

"Darasa gani?"

"Darasa gani, anauliza," nikawaambia. Nyusi akatoa simu, akaweka video ya siku ya mvua. Miwani akafumba macho ili asikilize vizuri. Ilipokwisha akayafumbua.

"Hapa hakuna neno darasa. Kuna kifua tu."

Nikatafsiri. Nyusi akajibu, nyusi zimesimama wima: "Mwambie atazame, asisikilize."

Miwani akazima sauti, akatazama. Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akatazama tena. Hajui alama, lakini aliona kwamba Mheshimiwa kagusa kifua tu na kunyamaza, na mimi mikono yangu iliendelea na safari. Akanigeukia. Sauti yake haikuwa na mchakato hata kidogo. "Dada. Ulitafsiri nini?"

Nikafungua kinywa. Kabla sijapata pa kuanzia, akaingia Kidole, kitambaa shingoni, kikombe cha maji moto mkononi. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Wiki za kuwauliza watu kama wanataka maji zimemmaliza. Miwani akamweleza kwa hasira: mkalimani amezusha, wapinzani wakijua tumekwisha, tukanushe leo hii. Kidole akaashiria apewe simu. Akaitazama bila sauti, kama kiziwi. Alijiona, kiganja kifuani. Aliwaona watu wanasimama. Akairudisha nyuma akatazama tena, na tena, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesomewa barua ya mapenzi.

"Nilisema," akanong'ona kwa ile sauti iliyokwaruzika.

"Mheshimiwa, hukusema."

"Watazame. Watu hawawezi kufurahi namna hii kwa jambo ambalo sikulisema."

Na hapo, Mungu anisamehe, nilimpenda kidogo. Mimi nilidhani nguvu za mtu kama yule ziko kwenye kukwepa. Kumbe anaweza pia kukirithi kitu kilichosemwa na mwingine na kukivaa kikamkaa sawasawa, tena bila kupunguza pindo.

Tulipotoka nje nikamvuta Nyusi pembeni nimwambie ukweli. Hakunipa nafasi.

"Tulijua. Nasoma midomo tangu utotoni. Mdomo wake haukusema darasa."

"Mbona mlishangilia?"

"Tulikushangilia wewe. Ulikuwa umelowa, ukatuonea huruma. Halafu tukaona wapiga picha wanakimbia, tukaendelea kushangilia." Akatabasamu, kisha nyusi zikashuka. "Lakini usirudie, Sindano. Leo umeweka mdomoni mwake kitu tunachokitaka. Kesho utaweka unachokitaka wewe. Sisi tukitaka kudanganywa, yule pale anatosha."

Nilirudi dukani kwa miguu. Suruali ya mume wangu nimeimaliza leo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mkutano mkubwa wa mwisho. Maji ya moto na asali vimemrudishia sauti. Nimetafsiri neno kwa neno, kama lilivyo, jema kwa baya.

"Wapo waliouliza kama nilisema! Nilisema! Nasema! Na nitasema!" Kidole juu. "Darasa la watoto wetu wasiosikia litafunguliwa kabla ya muhula mpya, na nitawaletea mwalimu mahiri, mwalimu mwenye wito, mwalimu mwenye moyo!"

Uwanja ulilipuka. Ni sentensi ya kwanza msimu mzima iliyokuwa na mlango na dirisha. Nikaitafsiri yote, pamoja na moyo. Nyusi alitikisa mikono pamoja na wengine, kisha akaishusha mapema na kuniuliza, "Mahiri wa nini?"

Nikamjibu hakusema.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimempigia Miwani simu. Nikauliza: huyo mwalimu mahiri, ni mahiri wa alama?

"Dada, mahiri ni mahiri."

"Anajua alama?"

"Dada yangu, hata hujashukuru bado."

Kweli, sikuwa nimeshukuru. Nikashukuru. Hivyo ndivyo wanavyokupata: unaingia na swali, unatoka na shukrani.

Jumapili, 25 Oktoba

Kura. Kashinda. Usiku kucha honi. Nyusi pekee ndiye aliyelala.

Jumamosi, 31 Oktoba

Wamekuja kumchukua mume wangu akapake rangi chumba. Madawati mabovu yametolewa, dirisha limewekwa vioo. Amerudi na matone ya rangi ya maziwa kwenye ndevu, akaniambia, "Basi nilikuwa nakuona mbishi bure." Kisha akaniuliza kama anaweza kuchukua lile sanduku aweke brashi. Nikamkatalia. Nimelijaza vitambaa vyangu vya dukani, hadi juu, nikakaa juu ya mfuniko ili ufunge. Binti naye akaja akakaa.

Jumanne, 3 Novemba

Nimeshona utepe mwekundu wa kukatwa. Nimeuwekea pindo, ingawa najua utakatwa. Nasikia mwalimu keshapangiwa.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimetoa vitambaa vyote sandukuni. Nieleze kwa utaratibu.

Watoto walipangwa mstari, wamepakwa mafuta wakang'aa. Binti yangu alikuwa wa pili. Utepe ulikuwa mlangoni, na kibao cha ukumbusho kikiwa na jina la Kidole kwa herufi kubwa kuliko za jina la shule. Mheshimiwa alikata utepe kwa mkasi wangu. Akahutubia. Alisema yapo mengi yaliyosemwa, lakini leo vitendo vimesema. Alisema wengine hubeba masuala mdomoni, yeye hubeba kifuani, na leo amelitua. Nilitafsiri neno kwa neno, kifua kama kifua, na hakuna aliyeuliza habari ya pumu. Mume wangu alisimama nyuma akiziangalia kuta zake. Mkuu wa shule alilia kidogo. Nyusi alileta zawadi ya kiti cha mwalimu alichokichonga mwenyewe, cha mninga, chenye mikono.

Kisha akatambulishwa mwalimu. Ni kijana, nadhifu, ana sauti nzuri sana, ya kujaa chumba. Alisimama mbele ya watoto akawasalimu. Alisema amefurahi mno kuwa nao, na kwamba mlango wake uko wazi kwa kila mmoja wao, wakati wowote. Aliongea kwa dakika kadhaa. Watoto walimwangalia mdomo, halafu mikono, ambayo alikuwa ameiweka nyuma, halafu wote kwa pamoja wakanigeukia mimi.

Hajui alama hata moja.